Damu imebaki Kongo, zana za kuichunguza ziko wapi?

Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa ingali ikiua watu katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba (INRB), alitangaza uamuzi wenye uzito. Sampuli zote za damu zilizochukuliwa katika mlipuko huo zitabaki Kongo. Mtafiti wa kigeni anayezihitaji, aje afanye kazi hapa nchini.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mwaka 1976, damu iliyotoka Yambuku, katika eneo la Equateur, ilisafirishwa ndani ya thermos hadi Antwerp, Ubelgiji. Virusi vilitambuliwa huko Ulaya, na kwa miaka mingi sifa zikabaki huko. Muyembe, aliyefika Yambuku kabla ya wageni hao na kuchukua damu ya wagonjwa bila glavu, alisahauliwa kwa muda mrefu.

Lakini damu inayolala ndani ya frigo haimsaidii mgonjwa. Ili iseme inachokijua, inahitaji watu waliosoma, umeme usiokatika, na zana ndogo ambazo mkaaji wa kawaida hajawahi kuzisikia. Moja ya zana hizo ni enzimu za binadamu zinazohamisha sukari, zinazotengenezwa maabara na kuuzwa katika vichupa vidogo kuliko kidole cha mtoto. Kongo haizitengenezi. Inazinunua mbali, au inazikosa. Serikali na vyuo vikuu vinapaswa kuliangalia jambo hili sasa, kabla ya mlipuko mwingine.

Herufi iliyo kwenye karatasi ya damu

Wengi wanajua kundi lao la damu: A, B, AB au O. Limeandikwa kwenye karatasi ya hospitali, kwenye kadi ya mchangiaji damu, wengine wameliandika kwenye kitambulisho cha kazi. Wachache wanajua kwamba herufi hiyo ni kazi ya enzimu.

Juu ya seli nyekundu za damu kuna minyororo mifupi ya sukari. Mtu wa kundi A ana enzimu inayoongeza aina moja ya sukari mwishoni mwa mnyororo. Mtu wa kundi B ana enzimu inayoongeza sukari nyingine, iitwayo galaktosi. Enzimu hizo mbili zinafanana sana. Kati ya asidi amino zaidi ya 350 zinazoziunda, zinatofautiana kwa nne tu. Kwa watu wengi wa kundi O, herufi moja imepotea katika jeni. Enzimu inatoka ikiwa haina nguvu, na mnyororo unabaki bila nyongeza.

Karl Landsteiner aliyagundua makundi ya damu mwaka 1901 huko Vienna. Ilipofika mwaka 1990 ndipo kundi la Fumiichiro Yamamoto likaonyesha tofauti za jeni zinazosababisha A, B na O. Katika miaka yote hiyo ya katikati, kila muuguzi alijua kwamba kumpa mgonjwa damu isiyolingana kunaweza kumwua. Kipande kimoja cha sukari, kikiwekwa au kikikosekana, kinaamua uhai wa mtu juu ya kitanda cha hospitali.

Mwili wa binadamu una enzimu za namna hii zipatazo 200. Wataalamu wanaziita glikosiltransferazi. Kila moja ni kama fundi mjenzi. Sukari haiji peke yake. Inabebwa na molekuli nyingine kama tofali kichwani mwa kibarua. Fundi anapokea tofali na kuliweka mahali pake hasa. Huyu anajua tofali la aina hii, yule anajua la aina ile. Fundi mmoja akikosekana, ukuta unajengwa kwa namna nyingine, na wakati mwingine nyumba nzima inayumba.

Inatengenezwaje

Enzimu inayouzwa kwa watafiti haichukuliwi mwilini mwa mtu. Wanasayansi wanachukua jeni la binadamu linaloeleza jinsi ya kuijenga, wanaliingiza katika seli zinazokuzwa maabara: bakteria, seli za wadudu, seli za mnyama mdogo aitwaye hamsta, au seli za binadamu zilizozoezwa kuishi ndani ya chupa. Seli hizo zinasoma jeni hilo na kutengeneza enzimu, kama mpishi anayefuata maelezo ya chakula ambacho si cha kwao.

Katika mwili, enzimu hizi zina mkia unaozifunga ndani ya seli. Maabara hukata mkia huo ili enzimu itoke kwenye maji yaliyo nje ya seli, na kuiongezea alama ndogo ya kuinasia. Maji yanapitishwa kwenye bomba lenye kemikali inayoikamata alama hiyo. Uchafu unapita, enzimu inabaki. Kisha inapimwa nguvu, inagandishwa, inatiwa kwenye vichupa. Kiasi chake kinahesabiwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni moja ya gramu.

Lebo yake husema wazi kwamba ni kwa utafiti tu. Si dawa. Haiingizwi mwilini mwa mgonjwa, haiponyi kisukari wala ugonjwa mwingine, hata kama jina lake lina neno sukari. Kazi yake ni kumwezesha mtafiti kuuliza swali na kupata jibu: protini hii inabeba sukari gani? Tukiiongezea sukari ile, itafanya kazi vizuri zaidi au itaharibika? Dawa hii mpya inamzuia fundi huyu au haimgusi?

Kwa nini Kongo inahusika

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 waliugua, na wanane kati ya kila kumi walikufa. Katika siku za mwisho za mlipuko, waganga wa Kongo walichukua damu ya watu waliopona na kuwapa wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wengi wa nje walikuwa na shaka, na shaka hiyo ilikuwa na msingi: wagonjwa walikuwa wachache, na huduma ilikuwa imeboreshwa wakati huo. Lakini wazo lilikuwa sahihi, kwamba ndani ya damu ya aliyepona kuna silaha.

Silaha hiyo ni kingamwili. Miaka 11 baada ya Kikwit, mmoja wa waliopona alitoa damu. Katika damu hiyo watafiti wa Marekani na Uswisi, wakishirikiana na Muyembe, walipata kingamwili iliyopewa jina mAb114. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Jeni lake likaingizwa katika seli za hamsta, zikaitengeneza kwa wingi. Mnamo Novemba 2018, jaribio lijulikanalo kama PALM lilianza katika vituo vya Ebola vya mashariki mwa Kongo, Beni na Butembo vikiwemo, kulinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Katika kundi la mAb114 walikufa asilimia 35. Katika kundi la ZMapp, dawa iliyokuwa ikitegemewa mwanzoni, walikufa asilimia 50. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha mAb114 itumike kama dawa, na leseni yake ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliipendekeza. Ebola ilipotokea tena Bulape, jimboni Kasai, Septemba 2025, dawa hiyo ilipelekwa huko.

Damu ilitoka Kikwit. Majaribio yalifanyika Beni. Utengenezaji na leseni viko nje. Hakuna aliyeiba kitu, kwa kuwa Muyembe na wenzake walishiriki kwa hiari na majina yao yameandikwa. Kilichokosekana Kongo ni karakana: mahali pa kuchukua jeni, kulitia katika seli, kuvuna protini na kuichunguza.

Na hapo ndipo enzimu za sukari zinapoingia. Kila kingamwili ya aina ya IgG ina mnyororo wa sukari kwenye shina lake. Fundi mmoja, anayejulikana kwa jina FUT8, hubandika hapo sukari iitwayo fukosi. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita watafiti walionyesha kwamba fukosi hiyo ikikosekana, seli za ulinzi wa mwili zinaishika kingamwili kwa nguvu zaidi, hata mara 50. Kwa msingi huo zimetengenezwa dawa za saratani; moja yake, mogamulizumab, iliidhinishwa Japani mwaka 2012. ZMapp nayo ilitengenezwa katika mimea ya jamii ya tumbaku iliyobadilishwa ili isiweke fukosi hiyo.

Hata hivyo, huko Beni ZMapp ilishindwa na mAb114. Somo ni kwamba ujanja wa sukari peke yake hautoshi, na kwamba makisio ya maabara za mbali yanapaswa kupimwa mahali ugonjwa ulipo. Nani yuko mahali hapo kuliko Wakongomani wenyewe?

Malaria inalifanya swali kuwa zito zaidi. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliotumia damu ya wanawake wajawazito wa Ghana. Ulionyesha kwamba miili yao, ikipambana na vimelea vya malaria, hutengeneza kingamwili zenye fukosi kidogo, na kwamba kingamwili hizo zinaamsha vizuri zaidi seli zinazoua. Yaani mwili wenyewe unatumia ujanja ule ule wa viwanda vya dawa. Je, ni hivyo kwa mama wa Tshopo, kwa mtoto wa Haut-Katanga, kwa wale zaidi ya elfu moja waliopona Ebola mashariki kati ya 2018 na 2020? Ni swali la Kongo, kuhusu damu ya Kongo, na damu ipo. Anayetaka kulijibu lazima apime sukari zilizo juu ya kingamwili, azitoe, azirudishe, alinganishe. Bila enzimu hawezi.

Kichupa kinachosafiri mbali

Mtafiti wa Boston au Zurich akihitaji enzimu ya namna hii, anaiagiza na kuipata baada ya siku chache. Mtafiti wa Kisangani anaagiza kitu ambacho lazima kisafiri kikiwa kimegandishwa, kipite uwanja wa ndege wa nje, kisha Kinshasa, kingoje karatasi, kisha kipande ndege nyingine. Barafu inayeyuka. Enzimu ni protini. Ikipata joto inapoteza nguvu, na mnunuzi anabaki na maji ya bei ghali. Ikifika salama, inahitaji frigo yenye baridi kali saa zote, katika miji ambayo umeme unakatika mara kwa mara.

Mashariki, vita vimeongeza hatari. Mnamo Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari juu ya maabara ya INRB mjini humo, ikihofia kukatika kwa umeme kusije kuhatarisha sampuli zilizohifadhiwa, zikiwemo za Ebola. Damu iliyobaki nchini kwa uamuzi wa mwaka 2019 inahitaji kulindwa kwa jenereta, mafuta na heshima ya pande zote zinazopigana.

Kuna pia hatari ya soko kufungwa. Aprili 2020, katika miezi ya kwanza ya Covid-19, mkuu wa kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa wakati huo, John Nkengasong, aliandika kwamba nchi zaidi ya 70 zilikuwa zimezuia kuuza nje vifaa vya tiba, na kwamba nchi za Afrika zenye pesa mkononi zilikosa vipimo. Kipimo cha Covid, kama kile cha Ebola, kinategemea enzimu. Anayekutengenezea enzimu ndiye anayeamua siku yako ya kupima.

Pingamizi lenye haki

Wengine watauliza: shule hazina madawati, vituo vya afya havina glavu, mama anazuiliwa hospitalini kwa sababu hajalipa deni la kujifungua, na watu wanazungumzia enzimu? Swali hilo ni la haki na lisidharauliwe. Franga inayotengwa kwa ajili ya maabara ni lazima ielezwe mbele ya mama huyo.

Jibu ni kwamba glavu na enzimu hazigombani. Mlipuko wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2.287 kati ya 3.470 walioambukizwa. Moja ya dawa zilizopunguza vifo kwa wale waliowahi kutibiwa ni kingamwili iliyotokana na utafiti ulioanza na damu ya mtu mmoja wa Kikwit. Utafiti haukuwa anasa. Ulikuwa dawa iliyochelewa. Ulianza 1995, dawa ikapatikana 2018. Nani anaweza kusema ni miaka mingapi ingepungua kama karakana ingekuwa Kinshasa?

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: enzimu hizi ni ngumu kutengeneza. Ni kweli. FUT8 hutengenezwa kwa kawaida katika seli za wadudu au za wanyama, kazi inayotaka usafi mkubwa na fedha. Lakini si zote ziko hivyo. Enzimu za makundi ya damu A na B zimekwisha kutengenezwa katika bakteria wa kawaida wa maabara, na vilevile ile inayoweka galaktosi kwenye kingamwili. Bakteria wanakua usiku mmoja katika chupa ya uji wa chumvi na chachu. Enzimu zinazotumika katika vipimo vya virusi nazo hutengenezwa hivyo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa biolojia anaweza kujifunza kazi hiyo.

Na Afrika si jangwa. Yaoundé, nchini Kamerun, maabara ya Mboalab imejitosa katika kutengeneza enzimu za utafiti kwa matumizi ya watafiti wa huko. Cape Town, Afrika Kusini, kituo kilichoanzishwa mwaka 2021 kwa msaada wa OMS kimejifunza kutengeneza chanjo za mRNA na kuwafundisha wengine. Kinachofanyika Yaoundé kinaweza kufanyika Lubumbashi.

Mambo manne ya kufanya

La kwanza, INRB na vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi viwe na karakana moja ya pamoja ya protini, ndogo lakini ya kweli. Ianze na enzimu rahisi za bakteria, zile za vipimo na zile za makundi ya damu, kisha ipande ngazi. Anayeanza na FUT8 ataanguka. Anayeanza na enzimu ya kundi A atajifunza, na siku ya FUT8 itafika.

La pili, Wizara ya Afya na ile ya Fedha ziweke njia ya haraka ya forodha kwa bidhaa za utafiti zinazohitaji baridi. Kichupa kilichogandishwa hakiwezi kungoja muhuri hadi Jumatatu. Kila siku ya kungoja ni pesa ya umma inayoyeyuka.

La tatu, mikataba na washirika wa nje ibadilike. Kwa miaka mingi Wakongomani wamefundishwa kukusanya sampuli, kuziandika na kuzifunga vizuri. Sasa mkataba useme: atakayetumia damu ya Kongo ataacha hapa jeni lililotayarishwa, maelezo kamili ya utengenezaji, na vijana waliofundishwa kuifanya kazi hiyo bila yeye. Mshirika wa kweli hatakataa.

La nne, umeme. Paneli za jua na betri kwa ajili ya frigo za maabara zinagharimu kidogo kuliko sampuli za miaka kumi zikioza usiku mmoja.

Hakuna hata moja kati ya haya linalotaka muujiza. Nchi inayotoa kobalti kuliko nyingine zote duniani inajua vizuri uchungu wa kuuza udongo na kununua betri. Katika madini, mjadala wa kutengeneza hapa nyumbani umechukua miaka mingi, na makampuni makubwa yana sauti ndani yake. Katika damu, Kongo imekwisha kusema neno lake: inabaki hapa. Neno hilo lilikuwa la ujasiri, na linastahili kukamilishwa.

Waliopona Ebola wa Beni, Mangina na Butembo walitoa damu yao wakiamini kwamba itawasaidia wengine. Hawakuitoa ili ihifadhiwe tu. Bajeti ijayo ya taifa itaonyesha kama kuna aliyewasikia.